Mbuzi ya Nazi Nayo Ichorwe

Kuanzia mwaka 1935, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, serikali ya Rais Roosevelt iliwalipa mamia ya wachoraji wasio na kazi wachore vyombo vya watu wa kawaida: magudulia, wanasesere, viti vya waumini wa dhehebu la Shaker, mablanketi ya viraka. Mradi huo, Index of American Design, ulipofungwa mwaka 1942 ulikuwa umezaa picha za rangi za maji zipatazo 18,000. Ziko National Gallery of Art, huko Washington, na mtu yeyote anaweza kuzitazama bure kwenye intaneti.

Mimi hushindwa kuziacha. Mchoraji alikaa na chombo kimoja hata wiki kadhaa. Kwenye blanketi unaona mshono mmoja mmoja, na pale uzi ulipovuta kitambaa kikajikunja. Kila picha ina karatasi yake ya maelezo: vipimo, malighafi, na fundi kama alijulikana.

Lakini vyombo vya wenyeji asilia wa Amerika viliachwa nje, vikahesabiwa kuwa kazi ya wataalamu wa makabila. Hilo linaniuma, kwa sababu fungu hilo tunalijua. Serikali ya kikoloni ya Kenya nayo ilimwajiri mchoraji Joy Adamson achore watu na mapambo yao. Ni picha nzuri mno, ila zilitafuta sura ya kabila, si mkono wa fundi.

Kwetu pwani chombo hutunzwa kwa kutumiwa, na binti hujifunza kusuka ukili ubavuni mwa bibi yake. Naipenda njia hiyo kuliko kabati lolote la vioo, maadamu bibi yupo na mjukuu ana hamu. Sasa nazi inasagwa kwa blenda na mkeka wa plastiki umeingia kila chumba. Makumbusho yetu yametunza siwa, viti vya enzi na milango ya nakshi, vitu vya wakubwa. Mbuzi je? Nani ataonyesha meno ya chuma yalivyolika, ubao ulivyong'aa kwa kukaliwa, miguu inavyopishana ili ikunjwe? Na kawa, kifumbu, upawa?

Wachoraji tunao, tena hodari, wanaochorea watalii twiga na machweo. Wizara za utamaduni ziwalipe wakakae Pate, Kilwa na Makunduchi pamoja na mafundi wenyewe, na chini ya kila picha liandikwe jina la aliyekitengeneza chombo.