Kipande cha injini kina namba, mchimbaji hana jina

Sisi wa Walikale tunaijua ndege ya barabarani. Miaka ile ya kasiterite ya Bisie, ndege ndogo kutoka Goma zilikuwa zikitua juu ya lami pale Kilambo. Watu na motari wanasimamishwa pembeni, magunia yanapakiwa, ndege inapaa. Ndege nyingine tunaijua kwa macho tu: ile kubwa inayopita juu sana usiku, taa zikimetameta. Leo naandika juu ya hiyo ya pili, kwa sababu ndani yake mna madini ya aina tunayoyachimba hapa.

Ndege za safari ndefu za siku hizi, kama Boeing 787 ambayo Kenya Airways hupeleka New York, au Airbus A350 ya Ethiopian Airlines, si kama zile za zamani. Karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Umbo hilo haliingii kutu na ni imara, kwa hiyo hewa nyingi zaidi inaweza kushindiliwa ndani. Ndege ikiwa mita 12,000 juu, abiria anapumua kama mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800. Hicho ni kimo cha vilima vyetu vya Masisi.

Ajabu kubwa zaidi iko ndani ya injini. Ziko mbili tu, na ndege inavuka bahari. Humo mna mapanga madogo, kama ya feni, yanayozungushwa na moshi wa moto mkali kuliko ule unaoweza kuyayeyusha. Hayayeyuki kwa sababu yana vitundu vya kupitisha hewa ya kupoza, na yameundwa kwa nikeli iliyochanganywa na metali nyingine, mojawapo tantali. Katika baadhi ya michanganyiko hiyo, tantali ni kama kilo 6 katika kila kilo 100. Tantali hutoka katika koltani. Na bati la kasiterite ndilo hutumika kulehemu mitambo ya umeme.

Rubaya peke yake imekadiriwa kutoa karibu 15% ya koltani ya dunia. Ikifika kwenye viwanda vya kuyeyushia huchanganywa na ya nchi nyingine, basi hakuna anayeweza kusema jiwe la Rubaya liko katika ndege gani. Lakini kuanzia kiwandani, vipande vikuu vya injini hupewa namba. Safari zake, ukaguzi wake na matengenezo yake huandikwa mpaka siku kipande kinapoondolewa.

Huku kwetu, udongo ukiporomoka wakati wa mvua, swali la kwanza ni: waliingia wangapi? Mmoja anasema kumi, mwingine ishirini. Kila ninapoandika habari ya namna hiyo, hesabu ndiyo inayonishinda. Magunia yaliwahi kufungwa lebo ili mnunuzi ajue yametoka chimbo gani. Jina la aliyeyajaza halikuwa kwenye lebo.

Naomba kitu kidogo: kila chimbo liwe na kitabu penye njia ya kuingilia. Jina, kijiji, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Najua wengi wanaogopa orodha. Wakati wa vita, jina lililoandikwa linaweza kuleta kodi, au kifo. Basi kitabu kikae kwa mtu ambaye wachimbaji wenyewe wamemchagua, kisipelekwe ofisini kwa mtu yeyote, na ukurasa wa siku uchomwe jioni wakishatoka wote. Hakihitaji makuta mengi: daftari na kalamu.

Wanaotengeneza injini wanafuata kipande kimoja kwa miaka mingi. Sisi tunaweza kumfuata mtu kwa siku moja, ili jioni mama yake ajue kama bado yumo shimoni.