Safari ya Chennai, Mji wa Mtume Toma

Siku hizi, katika miji yetu ya Congo, si ajabu kusikia kwamba jamaa fulani wanachanga fedha ili kumpeleka mgonjwa wao Uhindi. Wengi hufika Chennai, mji mkubwa wa kusini, kando ya Ghuba ya Bengali. Zamani uliitwa Madras. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1996. Una hospitali nyingi na waganga hodari, wala wagonjwa wa nchi za mbali si wageni tena huko. Tena ni mji wa Mtume Toma, maana mapokeo ya Wakristu wa Uhindi yasema ndipo alipouawa, mnamo mwaka 72. Mimi nilimsindikiza kaka yangu mgonjwa. Yale niliyojifunza kwa gharama, ninyi myapate bure.

Kwanza ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wahindi wanaiogopa sana homa hiyo. Mbu wawezao kuieneza wako tele kwao, lakini ugonjwa wenyewe haujaingia, nao hawataki uingie. Kwa hiyo mtu atokaye Congo bila kadi halali hutengwa, hata muda wa siku 6, asiingie mjini. Na kadi haiwi halali siku ile ile ya kuchanjwa. Ni lazima zipite siku 10. Tulipofika kiwanja cha ndege nilimwona mama mmoja aliyechanjwa siku 4 tu kabla ya kuondoka. Mwanawe mgonjwa alipita, yeye akazuiwa. Kijana yule hakujua Kiingereza hata neno moja. Basi wote wachanjwe mapema, mgonjwa na wamsindikizao pia.

Pili, karatasi. Hospitali mliyoichagua hutuma barua ya kumpokea mgonjwa, na kwa barua hiyo mtaomba viza ya matibabu katika ubalozi wa Uhindi, Kinshasa. Jamaa wawili wanaweza kupewa viza ya kumsindikiza, wala si zaidi. Msichange nauli ya shangazi na wajomba wote. Lakini neno ambalo hakuna aliyetuambia ni hili: karatasi za waganga wetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na kule Kifaransa hakisaidii kitu. Watu husema Kitamil, na hospitalini Kiingereza. Karatasi za kaka yangu hazikusomeka, akapimwa upya vipimo vyote, nasi tukalipa upya. Nilikasirika, ila kwa kweli kosa lilikuwa letu kwa nusu. Tafuteni mwalimu au padri anayejua lugha hizo mbili, azigeuze kabla ya safari. Na mmoja wa wasindikizaji awe mtu wa kusema Kiingereza, hata kama si mzaliwa wa kwanza.

Kuhusu fedha: msiuze kiwanja wala ng’ombe kabla ya kupata hesabu iliyoandikwa na hospitali yenyewe. Kisha ongezeni juu yake chumba, chakula na siku za kungoja, maana mganga aliyesema majuma mawili anaweza kusema matano. Wako watu watakaowapokea kwa tabasamu na kujitolea kuwapeleka kwa mganga wanayemjua wao. Hao hulipwa kwa kila kichwa wakiletacho. Washukuruni, mwende zenu.

Chagueni majira, kama ugonjwa waruhusu. Januari na Februari ni miezi ya kupendeza. Aprili hata Juni jua ni kali mno, pengine joto hupita digrii 40. Mvua kubwa hunyesha Oktoba hata Desemba; mwezi wa Desemba mwaka 2015, na tena 2023, mafuriko yaliingia hata ndani ya nyumba.

Mjini mtapanda vigari vya magurudumu matatu, vile viitwavyo bajaji. Patana bei kabla ya kuketi. Iko pia treni ya mjini ifikayo kiwanja cha ndege, safi na ya bei nafuu. Maji yanywewe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Ugali hakuna, lakini wali ni mwingi, hupakuliwa juu ya jani la mgomba na kuliwa kwa mkono wa kuume, nasi kwa hilo hatuhitaji kufundishwa. Pilipili yao, hiyo ni habari nyingine! Tena ukimwuliza Mhindi jambo, naye akatikisa kichwa huku na huku, usidhani amekataa. Mara nyingi maana yake ni ndiyo. Kaka yangu alikasirikia muuguzi siku mbili nzima kwa sababu hiyo.

Sasa, habari za Mtume. Kanisa kubwa la San Thome liko Mylapore, karibu na bahari. Wareno walijenga kanisa hapo katika karne ya 16, na hili jeupe lenye mnara mrefu lilimalizwa mwaka 1896. Papa Yohane Paulo wa Pili alisali hapo mwaka 1986. Kaburi liko chini, katika kikanisa kidogo chenye mlango wake upande wa nyuma. Mabaki mengi ya Mtume yalihamishwa zamani sana, nayo yaheshimiwa huko Ortona, Italia; hata hivyo watu hawaachi kuja. Wakristu, na Wahindu pia, huketi sakafuni kimya. Tuliketi nao usiku wa kuamkia upasuaji, na kaka, ambaye hakulala vema tangu Lubumbashi, alisinzia akiegemea ukuta. Hakuna aliyemwamsha.

Kilima cha Mtakatifu Toma, mahali alipouawa, kiko karibu na kiwanja cha ndege. Mwende asubuhi mapema kabla ya jua kali. Ngazi zake zapita 130, lakini mgonjwa asizipande. Iko barabara ya gari hata juu, mpaka mlangoni pa kanisa dogo la Bikira Maria.