Swali Nililolijibu Bila Kulisikiliza

Chuoni petu palikuwa na kompyuta moja kuukuu, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, nami niliazimia kuitengenezea kiini kipya mbele ya wanachuo. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi isimamiayo prosesa, kumbukumbu na diski. Kile cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, hutolewa pamoja na maandishi yake asilia; hivyo mtu aweza kukikata kwa kipimo cha mashine yake, kama fundi cherehani akatavyo kanzu.

Maelfu ya vipengele hupangwa katika orodha. Vingi vyaweza kuachwa, kuingizwa ndani ya kiini, au kufanywa moduli, yaani kipande kinachowekwa katika diski na kuitwa kihitajikapo. Kwa kutaka kiini chepesi, kiendeshi cha diski nilikifanya moduli. Binti mmoja mkimya akauliza, "Samahani, Mwalimu, hiyo moduli ya kusomea diski itakaa wapi?"

"Katika diski, pamoja na nyinginezo," nikajibu, nikaendelea.

Kukompaili, ndiko kuyageuza maandishi kuwa lugha ya mashine, kulichukua usiku kucha. Asubuhi kiini kiliamka, kikaitafuta diski, kisiione, kikasimama kabisa. Chombo cha kuisomea diski kilikuwa kimefungiwa ndani ya diski ile ile! (Hutangulizwa kifurushi kidogo cha viendeshi, initramfs, kinachopakiwa kumbukumbuni kwanza, mimi nilikiona mzigo, nikakiacha.)

Heri nilikuwa nimebakiza kiini cha zamani katika orodha ya kuwashia. Ndugu mwalimu, usikifute kamwe kabla kipya hakijajaribiwa. Tuliwasha kwa hicho, nikabadili alama ya M kuwa nyota, tukakompaili upya.

Wakati mashine ikifanya kazi, nilikumbuka somo nililowahi kulifundisha Darasa la Pili: kutoa kwa kukopa. Nilieleza kwa "makumi" na "mamoja", na watoto hawakuwa bado wameielewa thamani ya nafasi. Wakati ule niliandika katika daftari langu kwamba darasa ni zito.

Nilimwomba yule binti alirudie swali lake. Akasita, akanitazama, kisha akaja mbele, akachukua chaki na kuchora sanduku lenye ufunguo ndani yake. Mimi nikaketi kwenye kiti chake.