Pa Kutupia Ndoano Kando ya Ziwa Tanganyika

Sisi walimu wa kujitolea hapa Nyarugusu tunafundisha watoto wengi waliozaliwa kambini. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo wanafunzi wanaolijua ziwa kwa ramani ya ubaoni tu, na kumbe baba zao walikuwa wavuvi wa Uvira au Baraka. Familia zingine zinawaza kurudi. Basi tumekusanya mambo ambayo mtu wa ziwani anaangalia kabla hajatupa ndoano, ili watoto wasifike kule kama vipofu.

Kwanza ni upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unavuma sana na mawimbi yanapiga ufukwe. Tafuteni mahali palipokingwa. Ghuba ya Baraka, kwa mfano, imefunguka upande wa kaskazini, na rasi ya Ubwari inaikinga. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri.

Pili ni pale mto unapoingia ziwani. Mjini Uvira, mito ya Mulongwe na Kalimabenge inashusha wadudu na takataka za milimani, samaki wanafuata chakula. Nyungunyungu na ndoano ndogo vinatosha. Lakini hapo hapana mchezo. Kwenye mdomo wa Ruzizi kuna mamba na viboko. Usisimame ndani ya maji, usiende peke yako, na giza likikaribia ondoka. Tena mvua ikinyesha milimani, toka mtoni hata kama kwako jua linawaka. Mulongwe ilifurika Aprili 2020 ikaua watu.

Tatu ni mawe. Hapo wanakaa samaki wa rangi rangi, wengi wao hawapatikani ziwa lingine duniani. Huna haja ya kutupa mshipi mbali, maana sehemu nyingi ufukwe unashuka ghafla. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Mtoto asiyejua kuogelea akae nyuma. Ndoano zinanasa kwenye mawe, basi beba za akiba.

Ndakala, ambao hapa Tanzania wanaitwa dagaa, usiwangoje ufukweni na ndoano. Hao wanavuliwa usiku kwa taa, mbali na nchi kavu, siku zisizo na mwezi.

Kabla ya yote, ulizeni kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Na chandarua cha mbu kisiguse maji. Kinazoa vifaranga, na kesho mtakula nini?

Tunajua wengi wetu safari hiyo hatuiwezi leo. Ziwa liko mbali, na kutoka kambini kunataka kibali. Lakini ujuzi hauombi kibali. Wazee waliojua kila jiwe la ufukwe wanazidi kuzeeka, na mzee akinyamaza, mtoto atakuja kufundishwa na mamba.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi: jioni moja mwezi huu, kaeni na mtoto na daftari lake. Achore ufukwe wa kijiji chenu, mto uko wapi, mawe yako wapi, samaki mlikuwa mnawapata wapi, na wapi mlikatazwa kuoga. Alete daftari darasani, tutasoma pamoja.