Barua kutoka Likoni

Kaka Hamisi,

Basi la Tanga lilinishusha Likoni salama, na nakuandikia huku nimewekewa mbaazi za nazi na mahamri ya moto, kwa hiyo ukikuta doa la mafuta, usinilaumu. Uliniagiza habari za manowari. Haya, sikiliza.

Kambi kuu ya Jeshi la Wanamaji la Kenya iko Mtongwe, mwendo mfupi kwa tuktuk. Usijisumbue. Ni geti, ukuta na askari asiyetaka kuona simu mkononi mwako. Manowari ziangalie kutoka kwenye feri ya Likoni, ambayo mtembea kwa miguu halipi hata senti.

Lile zoezi la wanamaji uliloniuliza, Cutlass Express la 2021, lilianza hapa Mombasa Julai 26, likaisha Agosti 6. Wadhamini ni Wamarekani, na walileta meli yao Hershel "Woody" Williams. India ikaleta manowari Talwar. Waingereza nao walikuwepo, pamoja na nchi kadhaa za upande wetu huu wa Afrika. Wewe ulidhani ni mizinga tu! Sehemu kubwa ilikuwa kupanda chombo cha mtu: kukisogelea kwa boti, kukwea, kuwaweka mabaharia pamoja, kupekua shehena. Makomando wa India waliwanoa Wakenya na wenzao wa Djibouti na Msumbiji kwa kazi hiyo.

Na ukishamkamata mtu, unampeleka wapi? Swali hilo lilinivusha feri hadi Shanzu, Kisauni, kwenye gereza la Shimo la Tewa. Januari 2006 manowari ya Marekani ilikamata Wasomali 10 walioteka jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat. Walishtakiwa hapa Mombasa, wakafungwa miaka 7. Uharamia ulipozidi, Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya wakapatana na Kenya kati ya 2008 na 2009: sisi tunakamata, nyinyi mnahukumu. Juni 2010 ikafunguliwa mahakama yenye ulinzi mkali hapo hapo Shimo la Tewa, Umoja wa Mataifa ukisaidia. Kabla mwaka haujaisha, Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema Kenya haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa bahari kuu! Mahakama ya Rufaa ilikuja kuipindua hukumu hiyo Oktoba 2012.

Kwa hiyo mimi nikisikia "ushirikiano wa baharini", bendera hazinibabaishi. Wenye meli kubwa walimaliza zamu wakaenda zao. Aliyebaki na mahabusu, mkalimani wa Kisomali na mafaili ni Kisauni. Ushahidi ukipotea pale juu ya jahazi, kesi imekufa kabla nahodha hajaiona nchi kavu. Ningekuwa mimi mkufunzi, kalamu ingetangulia bunduki.

Msalimie shangazi. Achari yake ya maembe nimeshanunua, ya pilipili kali.

Dada yako,
Mwanaidi