Nyumba Iliyokokotwa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ngamani huanza kukumbukwa wiki ya pili ya Disemba. Shule zimekwisha kufungwa, viwanda vya Barabara ya Likoni vinahesabu siku, na katika vichochoro vya Kaloleni, Makongeni, Jericho na Umoja masanduku ya bati yanashushwa kutoka juu ya kabati. Magodoro hukunjwa yakafungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, husikika mlio wa magurudumu ya mkokoteni ukielekea Barabara ya Jogoo, na kutoka huko hadi Barabara ya Landhies na kituo cha mabasi ya mashambani ambacho kila mtu hukiita Machakos, hata anayekwenda Busia.

Katika nchi za baridi, msomaji, wapo watu ambao kipupwe kinapobisha hodi huifunga nyumba ndogo yenye magurudumu nyuma ya gari, wakaikokota kutoka Kanada au kaskazini ya Marekani hadi Florida au Arizona. Huko hukaa na jamaa zao juani, theluji ikiisha wakafunga mnyororo tena na kurudi. Ni likizo, na nyumba ni sehemu ya mzigo. Wakazi wa Eastlands wakionyeshwa picha ya msafara kama huo hucheka: nani huyu anayebeba nyumba? Kicheko hicho kina usahaulifu ndani yake. Wengi wao wamebeba nyumba pia. Tofauti ni kwamba ya Mzungu huenda ikarudi, nayo ya Eastlands huenda vipande vipande na hairudi.

Palikuwa na fundi mmoja wa chuma katika mtaa wa Jericho. Karakana yake ilikuwa Kamukunji, miongoni mwa wale mafundi wa jua kali wanaopondaponda bati mchana kutwa hadi mtu hawezi kusikia jina lake likiitwa. Alitengeneza masanduku, majiko na karai za kuuza. Kwao kulikuwa Bunyore, karibu na soko la Luanda katika Vihiga. Tangu mwaka wa 1998 hadi 2007, kila Disemba alisafiri na mkewe na watoto watatu, na kila Disemba palikuwa na kipande cha nyumba juu ya keria ya basi.

Alianza na mlango. Disemba ya 1998 hapakuwa na nyumba huko Bunyore, wala ukuta, wala hata msingi. Palikuwa na kiwanja alichogawiwa na babake na mwembe mmoja. Majirani wa Jericho walipouona mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijivu ukifungwa mkokotenini, walimuuliza kama amesahau kitu. Alijibu kuwa mwenye mlango hawezi kukosa nyumba. Mlango ule ulikaa miaka miwili ukiegemea ukuta wa jikoni kwa mamake, kuku wakilala nyuma yake.

Baadaye yakaja madirisha, mawili kwa mwaka yakipatikana, moja mwaka ukiwa mgumu. Yote yalikuwa ya futi tatu kwa tatu, yenye vyuma vilivyopindwa mfano wa jua linalochomoza. Mabati yalinunuliwa Luanda na matofali yalichomwa papo hapo na vijana wa kijiji, lakini kila kilichokuwa cha chuma kilitoka mkononi mwake. Aliambiwa mara nyingi kuwa Luanda wapo mafundi na kwamba nauli ya dirisha ingetosha kununua lingine. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, naye alikuwa haihitaji.

Mkewe alikuwa na mzaha wake wa kila mwaka. Dirisha lilizaliwa Kamukunji, likabebwa kulala Jericho kwa kuogopa wezi, kisha Disemba likarudishwa kwa mkokoteni hadi mlangoni pa Kamukunji lilikotoka, ndipo lipande basi. Alisema dirisha lile limesafiri kumshinda yeye. Kwa miezi kadhaa lilikaa nyuma ya kochi, katika chumba ambacho kilikuwa sebule mchana na chumba cha kulala watoto usiku. Watoto walicheza polisi na mahabusu kupitia vyuma vyake. Kwa hiyo waliijua nyumba ya Bunyore kabla haijajengwa, na waliijua kwa viungo vyake: huu ni mkwaruzo wa dirisha la chumba cha nyanya, hapa ndipo kidole cha kaka kilibanwa.

Kifungua mimba alikuwa msichana. Tangu akiwa na umri wa miaka sita, kazi yake ilikuwa kushika upande wa pili. Hamali alivuta mkokoteni kwa mbele, baba akasukuma kwa nyuma, naye akatembea ubavuni, mkono mmoja juu ya dirisha lisidondoke penye matuta. Ndugu zake wadogo walipanda juu ya mizigo. Pale City Stadium hamali alisimama kupumua, baba akamnunulia chai ya shilingi kumi, kisha safari ikaendelea.

Kituoni hapakuwa na utaratibu, na sidhani msomaji yeyote aliyepitia pale Disemba anahitaji kusimuliwa. Nauli zilipanda kadiri Krismasi ilivyokaribia. Makanga aliyadai madirisha nauli ya mtu mzima, fundi akauliza kama yatapewa kiti na soda. Baada ya kanuni za Waziri John Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004, mikanda ikalazimishwa na kila abiria akatakiwa awe na kiti chake, mambo yalizidi kuwa magumu. Hapo awali watoto watatu walibanana katika viti viwili, mdogo akapakatwa. Sasa familia ililipia viti vitano. Mwaka huo lilikwenda dirisha moja tu. Hakuna aliyeilaumu sheria. Barabara ile ilikuwa imemeza watu wengi mno.

Basi lilipanda hadi Limuru, likashuka Bonde la Ufa, likapita Naivasha, Gilgil na Nakuru, ambapo mama aligawa mkate na mayai ya kuchemsha. Baada ya hapo ni ukungu wa Mau na majani chai ya Kericho yaliyokatwa sawasawa kama zulia, halafu joto la Kisumu. Maseno walivuka Ikweta. Kila mwaka baba aliwaambia hivyo, na kila mwaka mdogo wao alichungulia nje kuutafuta mstari. Luanda waliposhuka, jambo la kwanza lilikuwa baba kupanda mwenyewe kwenye keria. Hakumwamini utingo kuteremsha dirisha.

Yafaa kueleza kilichomsukuma, maana haikuwa fahari. Mwaka wa 1987, angali mwanagenzi Kamukunji, nchi nzima ilikuwa ikifuatilia kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno. Wakili huyo alikuwa amefariki tarehe 20 Disemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa, na mwishowe, mwezi wa Mei, ukoo ukashinda. Mahakamani mawakili walibishana kuhusu tofauti ya nyumba na nyumbani: kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, ila nyumbani ni kule kwa baba zake. Mafundi wa Kamukunji waliisikiliza kesi hiyo redioni nyundo zikiwa zimewekwa chini. Kijana yule alielewa jambo moja. Siku yake ikifika, watu watauliza mlango wake uko wapi.

Sarufi ya Kiswahili haioni uzito huo. Kwetu nyumbani ni nyumba iliyoongezwa kiambishi cha mahali, basi. Lakini mtoto wa Jericho ukimuuliza anakaa wapi atakuonyesha mlango. Ukimuuliza nyumbani kwao ni wapi atakutajia mahali ambapo pengine hajapata kulala siku thelathini kwa mwaka, na ambapo nyanya yake humsemesha Kinyore naye akajibu kwa Kiswahili. Kiambishi hicho kidogo kina kilomita karibu mia nne ndani yake.

Disemba ya 2007 walisafiri na madirisha mawili ya mwisho, ya upande wa nyuma. Kuta zilikuwa zimesimama, mabati yamepigwa, mlango ule wa 1998 umepata mahali pake. Fundi alikuwa amejiandikisha kupiga kura huko kwao, akapiga Alhamisi tarehe 27. Walikuwa warudi Nairobi baada ya Mwaka Mpya. Matokeo yalitangazwa Jumapili jioni tarehe 30, na usiku huo huo barabara ikafa. Mabasi hayakupita. Mafuta yakaadimika, bei ya sukari Luanda ikapanda, na redio ikawa inataja majina ya miji ambayo wiki chache kabla walikuwa wameipita wakila mayai: Nakuru, Naivasha. Tume iliyochunguza ghasia hizo ilitaja vifo zaidi ya 1,100.

Watu kumi na mmoja walilala katika nyumba isiyo na dari, mashimo ya nyuma yamezibwa kwa magunia. Kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, fundi aliyapachika madirisha. Msichana, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, alishika upande wa pili huku babake akipima wima kwa uzi uliofungwa jiwe. Kazi ya siku mbili ilichukua juma zima. Mamake hakuyatazama. Kutwa alikuwa akipiga simu Jericho kwa jirani aliyemwachia ufunguo, mwanamke aliyetoka upande ule mwingine wa siasa, na simu haikupokelewa.

Walirudi mwishoni mwa Januari katika msafara wa mabasi uliosindikizwa na polisi. Njiani walipita nyumba zilizobaki kuta, na watoto wakaambiwa walale. Jericho waliukuta mlango umefungwa kwa ndani. Jirani alikuwa amehamia humo na wanawe watatu tangu mkesha wa Mwaka Mpya, akawasha taa kila jioni na kuanika nguo za mwenyewe mlangoni ili wapitao wajue nyumba ina watu. Simu yake alikuwa amenyang'anywa. Alikabidhi ufunguo, akachukua sufuria zake, akasema gesi imekwisha na kwamba atanunua nyingine. Mama alimzuia kwa kumkumbatia, na hawakuzungumza siasa siku hiyo wala baadaye.

Fundi alihamia Bunyore macho yalipoanza kufifia, na mkewe akamfuata. Nyumba ipo. Mila ilitaka wanawe wa kiume nao wajenge, na kila mmoja alionyeshwa kiwanja. Mmoja yuko Dandora na hushuka kwa matanga tu. Mwingine anafanya kazi Qatar na hutuma pesa za dawa. Viwanja vyao vimepandwa mahindi. Binti hakuonyeshwa kiwanja. Sheria ya Urithi ya Kenya haimbagui, na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia bila kumung'unya maneno, ila katika baraza za wazee maneno hayo hufika yamechoka. Shangazi zake walimwambia kuwa nyumbani kwake ni kwa mume. Mume huyo waliachana. Hilo nalo halikuzungumzwa.

Anaishi Umoja na watoto wawili. Siku hizi mizigo ya Disemba ni midogo, na pesa za matumizi hutangulia kwa simu. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, babake alimpigia akamwomba apite Kamukunji akatengenezewe dirisha. Alimtajia kipimo polepole, naye akaandika nyuma ya risiti: futi nne kwa tatu, vyuma vya mfano wa jua.

Alikitazama kipimo kile. Katika nyumba ile hakuna dirisha la futi nne. Angeweza kuyahesabu madirisha yote akiwa amefumba macho.

"Baba, ni la chumba gani?"

"We lilete tu, mama. Mwaka huu moja latosha."

Fundi wa Kamukunji alilimaliza kwa siku nne. Hamali alilivuta hadi Umoja jioni, akamsaidia kulipandisha ngazi. Liko nyuma ya kochi, rangi haijakauka vizuri, na watoto wamekwisha kukatazwa mara mbili kutia vidole kwenye vyuma.