Dalia ya Mama Kwenye Kitambaa cha Shangazi

Kama ulilelewa hapa Kenya miaka ya tisini, bila shaka unavikumbuka vitambaa. Vilitandikwa juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio, na aliyekuwa na televisheni aliivisha chake pia. Mgeni akiketi vibaya kitambaa kikateleza, mwenye nyumba alikirekebisha huku akitabasamu, lakini moyoni alikuwa amekasirika.

Nilipoolewa mwaka wa 2014, shangazi yangu wa Limuru aliniletea vitambaa vinane vya merikani nyeupe alivyovitia maua kwa mkono. Nilimshukuru mbele za watu kama inavyotakiwa, kisha nikavifungia kabatini. Mimi na mume wangu tulikuwa tumechukua mkopo tukanunua makochi ya ngozi, na ngozi nani huifunika? Nilijiona mtu wa kisasa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini siku hizo sikuwa na masikio ya kuwasikia wahenga.

Vitambaa vikahama kutoka kabati la chumbani hadi la jikoni. Unajua mambo ya jikoni yalivyo.

Agosti mwaka wa 2024 shangazi alikuja Nairobi kutibiwa mguu, akalala kwetu. Asubuhi maziwa yalianza kufurika, nami nikanyakua kitambaa kilichokuwa karibu nikaiopoa sufuria. Kilikuwa kimoja cha vile vinane. Kilikuwa na madoa ya mafuta, na pembe moja ilikuwa imeungua siku nyingi. Shangazi alikichukua mkononi mwangu, akakikunjua juu ya meza, akakilainisha kwa kiganja.

"Hii ni dalia ya mama yako," akasema.

Hakugomba. Afadhali angegomba.

Mama yangu alifariki mwaka wa 2009. Alipenda dalia, yale maua makubwa yenye petali nyingi zilizopangana, ambayo mizizi yake ni kama viazi vitamu. Asili yake ni Meksiko, na nchi hiyo iliitangaza dalia kuwa ua lake la taifa mwaka wa 1963, lakini ukizunguka sehemu zetu za baridi ungeapa ilizaliwa hapa. Ya mama ilikuwa nyekundu iliyoiva, na ncha ya kila petali ilikuwa nyeupe, kama iliyochovywa katika maziwa. Alipoanza kuugua alichimbua baadhi ya viazi hivyo, akavifunga katika gazeti, akampelekea wifi yake. Shamba letu liliuzwa baadaye, na mahali palipokuwa na bustani sasa pana vyumba vya kupangisha.

Haya yote sikuyajua. Nilidhani shangazi hushona maua tu, maua yoyote.

Nilimrudisha Limuru mwenyewe, na badala ya kukaa kwa dakika kumi kama kawaida yangu, nilikaa siku tatu. Ndipo nilipomwona akifanya kazi. Huamka kabla umande haujakauka, akachuma ua moja tu na kulitia katika mkebe wa Kasuku wenye maji. Huliweka dirishani na kulitazama. Chai hunyweka, kuku hulishwa, yeye bado analitazama. Baadaye ndipo huchukua kalamu ya risasi na kulichora juu ya kitambaa.

Nilimuuliza kwa nini asinunue vitambaa vilivyokwisha kuchapwa michoro, kama wafanyavyo wengine. Akacheka. Aliwahi kununua kimoja mjini, akakuta wamechora waridi na kuelekeza kwamba lishonwe kwa uzi wa buluu. "Mwanangu, wewe umewahi kuona waridi la buluu likiota?" Nami sijawahi. Waridi halina buluu lake la asili, hata wakulima wa maua wamehangaika nalo miaka na miaka.

Kisha akanionyesha bogenvilia iliyopanda juu ya lango. Mimi nilijua bogenvilia ni ua la zambarau, basi. Akanivuta shati hadi pua yangu ikakaribia kugusa miiba. "Hayo ya zambarau ni majani tu. Ua lenyewe liko ndani." Kweli, katikati ya yale majani matatu ya rangi palikuwa na vijiua vitatu vyembamba vyeupe, vidogo kama vichwa vya kibiriti. Kwenye vitambaa vyake, bogenvilia zote zina nukta tatu nyeupe katikati. Nilikuwa nimeziona nukta hizo maisha yangu yote nikidhani ni mapambo.

Katika kazi yangu ya uandishi niliwahi kusoma habari za Mwingereza William Morris, mchoraji mashuhuri wa nguo na karatasi za ukutani. Mwaka wa 1883 alitoa kitambaa kiitwacho Strawberry Thief, chenye ndege wanaoiba stroberi, kwa sababu ndege walikuwa wakimwibia kweli katika bustani yake ya Kelmscott. Hadi leo watu wananunua mchoro huo. Nilimsimulia shangazi. Akauliza swali moja tu: kama huyo bwana aliwafukuza ndege kwanza au aliwachora kwanza.

Siku ya tatu nilimwomba anifundishe kuishona dalia. Nilitaka kukifanya upya kile kitambaa nilichokiharibu. Alinyamaza kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha udongo mtupu. Mvua kubwa za Aprili zilituamisha maji pale, viazi vikaoza vyote ardhini. Nilisimama nikiutazama ule udongo. Kitambaa kilichoungua, nilijiambia, ndicho kilichobaki.

Nilirudi jikoni nikakitandika hicho hicho mbele yangu nikaanza kunakili. Shangazi alikuwa amenieleza kwamba dalia huanzwa na petali za nje, ili za ndani zije kuzilalia, na kwamba nyekundu moja haitoshi, zinatakiwa tatu. Nilishona hadi jioni. Vidole viliniuma, uzi ulijifunga mafundo, lakini ua likatokea, tena nililiona zuri.

Shangazi alilileta karibu na macho, akaligeuza kutazama upande wa nyuma, akalipapasa kwa kidole gumba. Akaomba mkasi. Akakata safu nzima ya petali, moja baada ya nyingine, nami nikaona kazi ya saa mbili ikianguka sakafuni.

"Umeshona kitambaa," akasema. "Hukushona ua."

"Lakini shangazi, ua lenyewe si lilioza?"

"Langu ndilo lililooza. Mama Njeri hapo ng'ambo nilimpa viazi vitatu mwaka ule alipojenga." Alikuwa tayari ametia miguu katika viatu vyake vya mpira. "Chukua fimbo, ana mbwa mkali. Twende kabla jua halijazama."

Njiani nilimshika mkono kwa sababu ya mguu wake. Dalia ilikuwa kando ya ua wa michongoma, imesimama juu ya mabua matano. Nyekundu iliyoiva, ncha nyeupe.